Kiinimacho cha Umbali

Kasri la Disneyland, huko Anaheim, California, lina kimo cha mita 23 hivi, lakini anayelitazama kutoka njia kuu hulidhania refu zaidi ya hapo. Mawe ya chini ni makubwa, na kadiri kuta zinavyopanda mawe yanazidi kuwa madogo. Madirisha na minara ya juu nayo ni vivyo hivyo. Jicho limezoea kwamba kinachoonekana kidogo kiko mbali, kwa hiyo huongeza lenyewe urefu ambao haukujengwa. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1955, na wengi wa waliolibuni kasri walitoka kwenye studio za filamu, ambako mtaa mzima ulihitaji kuenea ndani ya ukumbi mmoja.

Waingereza huiita mbinu hii "forced perspective". Anayefasiri neno kwa neno atapata "mtazamo wa kulazimishwa", na hapo atampoteza msomaji, kwa sababu mtazamo kwetu leo ni rai: mtazamo wa wazee, mtazamo wa serikali. "Umbali bandia" unakaribia, ila bandia limeshaelemewa na noti na dawa za kughushi. Napendekeza kiinimacho cha umbali. Anayekwenda kutazama kiinimacho anajua kwamba kuna ujanja, na ujanja huo ndio alioufuata. Tena neno linataja jicho, ambako jambo lenyewe hutokea.

Istilahi ipimwe kwa kazi. Tuseme tunabuni bustani ya burudani kutokana na hadithi ya Lewis Carroll ya mwaka 1865, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940 kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu. Msichana anatumbukia katika shimo la sungura, anajikuta kwenye ukumbi wenye milango mingi, anakunywa chupa na kupungua hadi sentimita 25, kisha anakula keki na kurefuka kupita mita mbili na nusu. Mgeni wetu hatuwezi kumbadilisha kimo. Ukumbi tunaweza.

Mfano upo Roma tangu karne ya 17. Katika jumba la Spada, Francesco Borromini alijenga ujia wa nguzo usiozidi mita tisa, lakini ukiutazama kutoka mlangoni unaonekana mrefu mara kadhaa: sakafu inapanda, dari inashuka, nguzo zinapungua. Mwishoni ipo sanamu isiyofika mita moja, nayo huonekana kama mtu mzima.

Kwa kawaida kiinimacho cha umbali hufa mara mtu anaposimama kwenye ncha nyembamba, kwani kimo chake hufichua vipimo vya kweli. Ndiyo maana wabunifu huwazuia wageni wasifike huko. Katika ukumbi wa Elisi tutawaruhusu. Mama akibaki mlangoni, mtoto anayeelekea mwisho ataonekana kama anayekua kila hatua, mpaka kichwa kikaribie dari: hiyo ndiyo keki. Mtoto akigeuka sasa, kuta zinafunguka kuelekea kwa mama, ukumbi unaonekana mfupi, na mama anaonekana mdogo kuliko inavyostahili umbali huo: hiyo ndiyo chupa. Ukumbi mmoja, viinimacho viwili, bila mashine yoyote. Sijui njia nyingine inayoitendea haki hadithi hii zaidi.

Sharti moja ni macho ya mtoto. Mistari yote ya kuta ikichorwa kwa kimo cha mtu mzima, mtoto ataona ukumbi uliopinda tu, ilhali hadithi ni yake.

Bustani ya mawaridi ya Malkia, iliyomo pia katika hadithi hiyo, ndiyo ngumu, maana mmea hautii ramani. Kwenye mlima wa kuigiza wa Matterhorn, uliojengwa Disneyland mwaka 1959, miti ya juu ilichaguliwa kuwa midogo kuliko ya chini. Kwetu mawaridi makubwa yatapandwa mbele na yale ya vichaka vidogo nyuma, na mtunza bustani atayapogoa daima, kwani kichaka cha nyuma kikiachwa kikue, ukuta wa mwisho wa bustani utaonekana palepale ulipo.