Sikio Linalofunzwa Kupima Sauti

Mtu akipwewa na sauti, jirani hujua kwa "hodi" moja tu. Atasema sauti imekauka, au ina mkwaruzo, au inatoka kwa kubanwa kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Kiswahili hakina uhaba wa maneno hayo. Lakini muulize jirani huyo: imekauka kwa kiasi gani? Imezidi ya juzi au imepungua? Mwingine aliyesikia hodi ile ile angesema vivyo hivyo? Hapo jirani atanyamaza, na hapo ndipo kazi ya mtaalamu wa tiba ya usemi inapoanza. Mwanafunzi wa fani hiyo husoma maumbile ya koo, fizikia ya sauti na mengine mengi, ila nionavyo mimi somo gumu kuliko yote ni kusikia.

Somo hilo halikuzaliwa hospitalini. Katika karne ya 2, mjini Roma, tabibu Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinusi, alimfunga nguruwe mbele ya hadhara. Mnyama akapiga kelele. Galen akaibana mishipa miwili myembamba ya fahamu iliyopita shingoni, na kelele zikakatika papo hapo ingawa nguruwe aliendelea kupumua na kufurukuta. Wakati huo wengi waliamini kuwa sauti huamriwa na moyo. Galen akawaonyesha kuwa ni ubongo. Mpaka leo daktari anayepasua tezi ya shingo huichunga mishipa hiyo kwa makini, kwa sababu mmoja ukijeruhiwa mgonjwa anaweza kuamka na sauti inayovuja pumzi. Sauti hiyo mwanafunzi anapaswa kuitambua hata akiwa amefumba macho.

Katika karne ya 8, Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu mwenye asili ya Oman aliyefundisha Basra, alipanga kamusi yake si kwa alifu na be, bali kwa mahali herufi inapotoka, akianzia ndani kooni na kuja hadi midomoni. Ndiyo maana kamusi hiyo ikaitwa kwa herufi ya ayn. Karne ya 11 ilipoingia, Ibn Sina aliandika risala kuhusu chanzo cha herufi, akaeleza magegedu ya zoloto, kiungo cha sauti kilichoko kooni, na jinsi yanavyosogea. Elimu hii ilifika pwani yetu ndani ya tajwidi, yaani kanuni za kusoma Kurani. Mtoto wa chuoni hukaa mbele ya mwalimu, husoma, husimamishwa, hurudia, husimamishwa tena, hadi sikio lake lipate kujua kosa kabla mwalimu hajainua kichwa. Sioni mfano bora wa kufunza sikio kuliko huo, na ninasikitika kwamba vitabu vya tiba ya sauti huuruka.

Vitabu hivyo hupenda kuanza na Manuel García, na kwa kweli anastahili. García, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1805, alikuwa mwalimu wa kuimba, si daktari. Mwaka 1841 alimpokea mwanafunzi kutoka Sweden, Jenny Lind, akiwa na sauti iliyochakaa kwa kuimba kupita kiasi. García alimsikiliza, kisha badala ya kumpa zoezi akamwamuru anyamaze kwa wiki kadhaa. Lind alirudi, akafundishwa upya, akawa miongoni mwa waimbaji mashuhuri wa karne yake. Lakini García hakuridhika na kukisia kwa sikio. Mwaka 1854, akiwa Paris, alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakisogeza nyuma ya ulimi wake mwenyewe, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo cha pili, na hapo akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufumba. Mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London. Madaktari wa Ulaya walikichukua kioo hicho na tawi zima la utabibu likaota. García aliishi hadi 1906, akiwa na umri wa miaka 101.

Kioo kilionyesha uvimbe na vidonda, lakini hakikuweza kusema sauti inasikikaje. Kazi hiyo ilibaki kwa wenye masikio. Mjini London mmoja wao alikuwa Elsie Fogerty, mwalimu wa maigizo aliyeanzisha mwaka 1906 shule ya usemi na tamthilia, ambako pia walifunzwa watu wa kutibu usemi. Marekani chama cha wataalamu kilizaliwa mwaka 1925. Uingereza chuo chao cha kitaaluma kiliundwa mwaka 1945. Kwa muda mrefu mwanafunzi alijifunza kwa kukaa kando ya mkubwa wake na kuiga maneno yake. Mkubwa akisema "nzito", naye aliandika "nzito".

Wajapani ndio waliotia nidhamu. Kazi iliyoanzwa na daktari Nobuhiko Isshiki katika miaka ya 1960 iliendelezwa na chama chao cha tiba ya usemi, na mwaka 1981 daktari mwenzake Minoru Hirano akaieneza kwa kitabu. Kipimo hicho, GRBAS, kinamtaka msikilizaji atoe alama kuanzia 0 hadi 3 kwa mambo matano: kasoro kwa jumla, mkwaruzo, kuvuja kwa pumzi, udhaifu na kubanwa. Ni kifupi, kinaingia katika pembe ya faili la mgonjwa, na kimeenea dunia nzima.

Ndipo ikaja habari chungu. Mwaka 1993 Jody Kreiman, Bruce Gerratt na wenzao, huko Marekani, walipitia tafiti nyingi na kuonyesha kwamba hata mabingwa hawakubaliani vya kutosha. Kila mmoja hubeba kichwani sauti yake ya mfano, na mfano huo husogea: ukisikiliza sauti mbovu kumi mfululizo, ya kumi na moja utaiona nafuu. Sauti nzima kabisa na mbovu kabisa hazina ugomvi. Ugomvi uko katikati, na wagonjwa wengi wako hapo.

Dawa iliyopatikana ni ya kale: weka mfano nje ya kichwa, wote wausikie. Mwaka 2002 Karen Chan na Edwin Yiu wa Hong Kong walionyesha kuwa wasikilizaji wakipewa sauti za kulinganishia pamoja na mazoezi, alama zao hukaribiana. Mwaka huo huo wataalamu walikutana Pittsburgh wakatunga kipimo cha CAPE-V, kilichochapishwa rasmi mwaka 2009. Hapa msikilizaji huweka alama kwenye mstari wa milimita 100, baada ya mgonjwa kuvuta irabu, kusoma sentensi sita na kuzungumza kwa kawaida. Baadaye mtafiti Patrick Walden aliwafungulia walimu hazina ya sauti 296 zilizokwisha kupewa alama na wajuzi, ili mwanafunzi apime, kisha ajilinganishe.

Mtu atauliza kama kompyuta haitoshi. Programu ya Praat, iliyotengenezwa Amsterdam na Paul Boersma na David Weenink, hupatikana bure na hupima mitetemo ya sauti kwa sekunde chache. Lakini vipimo vyake vingi hutegemea mitetemo inayojirudia kwa mpangilio. Sauti ikiharibika sana mpangilio hupotea, na tarakimu hukosa maana hasa pale zinapohitajika zaidi. Sikio bado lina kazi.

Afrika Mashariki ilipata shahada yake ya kwanza ya tiba ya usemi na lugha katika Chuo Kikuu cha Makerere, mwaka 2008. Wahitimu wake wanapokutana na mgonjwa wa Kiswahili, zile sentensi sita za Kiingereza hazitafsiriki tu, kwa kuwa kila moja ilitungwa kwa kazi yake. Moja imejaa sauti za puani, nyingine inapima jinsi pumzi inavyotoka, nyingine haina konsonanti hata moja isiyotetemesha nyuzi. Kwetu lazima zitungwe upya: "Mama amemwona mwana mnono" kwa pua, "Huyu hapa hana haya" kwa pumzi, "Juma alimwona ndege" kwa mtetemo. Tena b, d, j na g za mzawa wa pwani hutamkwa kwa kushusha zoloto na kuvuta hewa ndani kidogo, jambo ambalo sikio lililofunzwa kwa Kiingereza pekee linaweza kulidhania kasoro.

Kwa hiyo, ili sikio la hapa kwetu lipate mifano yake, nina ombi. Mwalimu uliyefundisha darasa kubwa miaka thelathini, mwadhini, mwimbaji wa taarabu, mchuuzi wa sokoni: mwanafunzi wa tiba ya usemi akija na kinasa sauti, akakueleza shabaha yake na kukuomba ridhaa, mpe dakika tano. Vuta "a" yako, msomee sentensi zake, piga naye soga. Na kama sauti yako haina kasoro yoyote, usimwambie aende kwa wagonjwa. Anaihitaji hiyo pia.