Wanyama wa Kale katika Vina na Mizani: Historia ya Majina na Kitabu cha Mtoto wa Mafiga



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu yaweza kuonekana ndogo mbele ya hadhira ya chuo kikuu. Inahusu kitabu cha picha chenye beti za vina, kinachosimulia wanyama walioishi kabla ya binadamu, na ambacho mtu mzima hukisoma kwa sauti akiwa pamoja na watoto. Katika lugha ya Kiingereza vitabu vya aina hiyo ni vingi mno. Katika Kiswahili ni nadra kuvikuta. Hoja nitakayoitetea ni kwamba unadra huo una historia, na kwamba kiini cha historia hiyo ni majina: ni nani aliyewapa majina wanyama wa kale wa nchi yetu, kwa lugha gani, na kwa manufaa ya nani.

Ili mjadala usielee hewani, tumfikirie mtoto wa darasa la pili katika kata ya Mafiga, Manispaa ya Morogoro. Kila asubuhi huiona Milima ya Uluguru. Miamba ya milima hiyo ni mikongwe kuliko dinosaria wote. Ilipikwa kwa joto na mgandamizo wa ndani ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka kabla wanyama hao hawajatokea. Kwa hiyo hakuna mwalimu awezaye kumpandisha mtoto huyo mlimani akamwonyeshe mfupa wa dinosaria katika miamba hiyo. Njia aliyo nayo ya kuwafikia ni maneno na picha. Swali ni kama lugha anayoisema imemwandalia maneno hayo.

2.0 Mifupa ya Tendaguru na majina yake ya kwanza

Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipata habari za mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi. Vita vya Majimaji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa bado havijamalizika kusini mwa nchi. Mwaka 1907 mtaalamu wa visukuku Eberhard Fraas alifika kujionea. Kisha, kuanzia 1909 hadi 1913, jumba la makumbusho la Berlin liliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck.

Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya wananchi. Msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyebobea katika kuitoa mifupa kwenye udongo na kuihifadhi isivunjike. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200 ziliondoka hivyo. Mwaka 1937 kiunzi kimoja kilisimamishwa Berlin. Kimo chake ni zaidi ya mita 13, na hadi leo ndicho kiunzi kirefu kuliko vyote vya dinosaria vilivyosimamishwa katika makumbusho kwa kutumia mifupa halisi.

Mifupa ilipofika Ulaya ilipewa majina. Mnyama wa kiunzi hicho aliitwa na Janensch, mwaka 1914, Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho yale. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan brancai. Mnyama mwingine mdogo zaidi alipewa mwaka 1919 jina la lettowvorbecki, yaani la jemadari aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Hivyo mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita alibebeshwa jina la ofisa wa jeshi la kikoloni. Waliochimba na kubeba hawakukumbukwa katika majina hayo. Watoto wao hawakuandikiwa kitabu.

3.0 Kiswahili chaingia katika majina ya kisayansi

Karne moja baadaye mwelekeo ulianza kubadilika. Mwaka 2010 ulitangazwa mnyama kutoka miamba ya kale ya kusini magharibi mwa Tanzania, ndugu wa karibu wa dinosaria, aliyeitwa Asilisaurus kongwe. Sehemu ya kwanza ya jina la jenasi ni neno letu asili. Jina la spishi ni kongwe, bila kuongezwa wala kupunguzwa chochote. Mwaka 2017 alifuata Shingopana songwensis, dinosaria wa eneo la Songwe, ambaye jina lake halihitaji kufafanuliwa mbele ya hadhira hii. Mwaka 2019 alitangazwa Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto ambao mifupa yake ilipatikana kandokando yake, na pingili mojawapo ya mkia wake ina umbo la moyo. Mwaka huohuo mabaki mengine ya Tendaguru yaliitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje, aliyeongoza kundi lililoyachimba.

Wanaisimu wanapaswa kuyatazama majina haya kwa makini. Mnyamawamtuka ni kirai cha Kiswahili kilichoandikwa kama neno moja: nomino, kiunganishi cha umilikishi chenye upatanisho wa ngeli ya kwanza, na jina la mahali. Moyowamkia ina muundo uleule, kwa upatanisho wa ngeli ya tatu. Ina maana kwamba mtaalamu wa Tokyo au wa Buenos Aires anapoandika kuhusu mnyama huyu, huandika sarufi ya Kiswahili, ajue asijue.

Hata hivyo ushindi huu haujakamilika. Makala zilizowatangaza wanyama hawa ziliandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na wataalamu. Mtoto wa Mafiga, ambaye angelielewa jina la Shingopana mara tu alisikiapo, hana budi kusubiri hadi aimudu lugha nyingine ndipo asome habari za mnyama mwenye jina la lugha yake. Katika shule za msingi za serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari, sayansi humjia kwa Kiingereza. Asipokutana na elimu ya kale mapema kwa Kiswahili, atakua akiamini kwamba elimu hiyo ina wenyewe, na kwamba yeye si mmoja wao.

4.0 Tatizo la neno

Mwaka 1842 Mwingereza Richard Owen aliunda neno Dinosauria kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mjusi wa kutisha. Baadhi yetu, kwa nia njema ya kukipa Kiswahili neno lake, hupenda kusema mjusi mkubwa. Tafsiri hiyo yafaa iangaliwe upya. Mjusi tunayemwona ukutani hakutokana na dinosaria, wala dinosaria hakutokana naye. Walio kizazi cha dinosaria kilichobaki hai ni ndege. Kuku anayeparura uani Mafiga ana undugu wa karibu zaidi na wanyama wa Tendaguru kuliko mjusi wa darini au kinyonga wa misitu ya Uluguru.

Kwa hiyo neno lililotoholewa, dinosaria, ni salama zaidi kwa mtoto, kwa kuwa halimfungi katika dhana ambayo baadaye atalazimika kuiacha. Likitumiwa pamoja na majina kama Shingopana, ugeni wake hupungua.

5.0 Vina, mizani na usomaji wa pamoja

Kwa nini basi nasisitiza kitabu cha vina, ilhali nathari ingetosha? Sababu ya kwanza ni ya kihistoria. Ushairi wa Kiswahili umeishi masikioni kabla ya kuishi machoni. Mathias Mnyampala (1917–1969) alipoikuza ngonjera, na chama cha UKUTA kilichoanzishwa mwaka 1959 kilipoieneza, hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule zetu zilipata mbinu ya kufundisha kwa beti zinazojibizana. Watoto walizihifadhi na kuzitongoa mbele ya wazazi. Mbinu hiyo ilitumika kueneza siasa. Hakuna kinachoizuia kueneza elimu ya viumbe. Hebu fikirini ngonjera ya kuku na mjusi, kila mmoja akidai kwamba dinosaria ni babu yake, na darasa likiamua kwa ushahidi.

Sababu ya pili ni ya kiufundi. Mtoto asiyejua kusoma vizuri huweza kukibashiri kina kabla hakijatamkwa, na hivyo hushiriki. Nimeuandaa ubeti mmoja wa utenzi kwa ajili ya mfano tu:

Mnyama huyu wa kale
Shingo yafika kilele
Majani ya juu yale
Ndiyo yake maakuli

Msomaji akisita kabla ya silabi ya mwisho ya mshororo wa tatu, watoto wataijaza. Akifika mshororo wa nne, watagundua kwamba kina kimebadilika, nao watataka kusikia ubeti ufuatao ili waone kama kitarudi. Aidha, majina yenyewe yanakubali kupimwa. Tendaguru ni mizani nne. Shingopana ni nne. Yakiwekwa pamoja hutimiza mshororo mmoja wa utenzi. Mnyamawamtuka ni mizani saba, na mtoto atakayezihesabu kwa vidole atakuwa amejifunza kwamba m ya mwanzo na m ya katikati ni silabi kamili.

Kuna onyo pia. Kwa kuwa maneno mengi ya Kiswahili huishia kwa irabu, kina hupatikana kwa urahisi, na urahisi huo unaweza kumpotosha mtunzi. Akitafuta kina cha kasi, nyasi iko karibu. Lakini wanyama wa Tendaguru hawakula nyasi, kwa sababu nyasi zilikuwa hazijatokea duniani. Akitaka kusisimua, atamchora mwindaji mwenye mkuki mbele ya dinosaria, ilhali kati yao na binadamu wa kwanza ipo mianya ya makumi ya mamilioni ya miaka. Kitabu cha namna hii hakina budi kupita mikononi mwa mshairi, mchoraji na mtaalamu wa visukuku kabla ya kufika kwa mtoto.

6.0 Hitimisho

Msingi wa kuanzia upo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umeonyesha kwamba watunzi na wachoraji wa nyumbani wanaweza kuandaa vitabu vizuri vya watoto kwa Kiswahili. Idara zetu za Kiswahili na za jiolojia zimo katika vyuo vilevile, pengine katika majengo yanayotazamana. Istilahi zipo au zaweza kuundwa. Majina, kama nilivyoonyesha, yameshatolewa.

Mafiga, kama tujuavyo, ni mawe matatu yanayobeba chungu; likikosekana moja, chungu hakikai. Usomaji nao unahitaji kitabu, mtoto, na mtu mzima wa kuketi naye. Mtoto na mtu mzima tunao. Nawaomba wanafunzi mlio hapa, mnapochagua mada za tasnifu na kazi za utunzi, mlifikirie jiwe la tatu.