Wageni wa Pwani Mjini London

Chama chetu kinajiandaa kupokea kundi la wanafunzi kutoka Zanzibar kwa utaratibu wa kutembeleana: wao waje London kwa wiki mbili, nasi twende Unguja likizo ya kiangazi itakapofika. Tulipokaa kupanga ratiba, kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alitaja Jumba la Makumbusho la Uingereza, mwingine mnara wa saa wa Bunge, wa tatu uwanja wa Arsenal. Ndipo likazuka swali ambalo halikuwa kwenye ajenda: wageni wa pwani waliofika mji huu zamani walionyeshwa nini, na wao wenyewe walikuja kutafuta nini? Makala haya ni sehemu ya jibu. Tumechukua safari mbili, ya mwaka 1875 na ya mwaka 1931, na katikati yake tunamtaja kijana mmoja wa shule.

Mgeni wa kwanza ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu 1870. Alifika London mwezi Juni 1875 akiwa na msafara wake. John Kirk, balozi wa Uingereza huko Unguja, alifuatana naye, na mkalimani wake alikuwa George Percy Badger, kasisi aliyekuwa mjuzi wa Kiarabu.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara nyingi tunautaja msemo huu kwa mzaha, tukifikiria pilau na kuku wanaochinjwa kwa ajili ya mgeni, watoto wa nyumba nao wakafaidi. Kwa ziara ya Barghash unafaa kuchukuliwa kwa uzito wake, kwani mwenyeji naye alikuwa na haja zake. Miaka miwili kabla, Januari 1873, Sir Bartle Frere alitumwa Unguja kumtaka Sultani akomeshe biashara ya watumwa baharini. Barghash alikataa. Hakukataa kwa ukaidi mtupu: kimbunga cha mwaka 1872 kilikuwa kimeangusha mikarafuu na minazi ya Unguja na kuzamisha vyombo vyake, na matajiri wa nchi yake waliitegemea biashara ile. Frere aliondoka mikono mitupu. Baadaye Kirk akapokea amri ya kumwambia Sultani kwamba asipokubali, manowari zitazingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash alitia sahihi, na soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Hatuna sababu ya kulisikitikia soko lile. Tunachotaka msomaji akumbuke ni kwamba mtu aliyekaribishwa London mwaka 1875 kwa karamu na mizinga ya salamu ndiye aliyetishiwa mizinga ya kweli miaka miwili nyuma, na dola ni ile ile.

Mapokezi yenyewe yalikuwa makubwa. Alionana na Malkia Victoria katika kasri la Windsor na kutembelewa na wakubwa wa London. Alipelekwa Crystal Palace, lile jumba la vioo na chuma lililokuwa fahari ya Waingereza wa wakati huo. Alitolewa nje ya mji pia, hadi Brighton kwenye pwani ya kusini, kisha Birmingham, Liverpool na Manchester, akaonyeshwa viwanda, mashine na bandari. Ukiitazama orodha ya mahali hapo utaona waliopanga ratiba walitaka mgeni arudi kwao na wazo gani: hawa ni watu wenye chuma, moshi na meli nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Alirudi kupitia Paris, Marseille na Misri.

Barghash hakuwa mtu wa kutazama tu. Alikwisha kuona mambo alipopelekwa uhamishoni Bombay ujanani, na aliporudi kutoka Ulaya hakukaa kimya. Maji safi yalivutwa kwa mabomba hadi mjini. Kiwanda cha kuchapa vitabu vya Kiarabu kilianzishwa. Likajengwa Beit al-Ajaib, lililokamilika 1883, ambalo nguzo zake za chuma kila mwanachama aliyesoma Unguja amepita chini yake au kuegemea ukuta uliokuwa ukilitazama, kabla sehemu ya jengo hilo kuporomoka Desemba 2020. Wengine hupenda kusema kwamba aliiga Uingereza. Sisi tunaona Bombay ina sehemu kubwa zaidi katika ujenzi ule, ila hilo ni la mjadala wa siku nyingine.

Jambo lililotushangaza ni kwamba ziara hii ina kitabu chake. Zahir bin Said, katibu wa Sultani, aliandika habari za safari kwa Kiarabu, zikahaririwa na Luwis Sabunji na kuchapishwa mwaka 1878. Kwa hiyo hatulazimiki kuitazama London ya 1875 kwa macho ya magazeti ya Kiingereza peke yake, ambayo yalijishughulisha sana na vilemba na majambia. Wageni nao walikuwa na kalamu.

Lakini kuna aliyekuwapo London siku zile na hakuonekana kwenye karamu yoyote. Naye ni dada yake Barghash, Sayyida Salme, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete.

Baba yao mmoja, Sayyid Said bin Sultan, mama mbalimbali. Mwaka 1859 Barghash alipojaribu kumpindua kaka yao Majid, Salme alikuwa na miaka kumi na mitano, na kwa kuwa alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, yeye ndiye aliyefanywa mwandishi wa barua za waasi. Njama ilishindwa. Barghash akapelekwa Bombay, Salme akabaki akisutwa na nusu ya ukoo. Mwaka 1866 akaondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, mjamzito, na mwaka uliofuata huko Aden alibatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mume huyo alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu. Mwaka ule ule Majid alifariki, na Barghash akakalia kiti.

Kwa hiyo Salme aliposoma kwamba kaka yake anakuja London, alisafiri kutoka Ujerumani. Alitaka suluhu. Alitaka pia haki yake ya urithi, na hakulificha hilo.

Aliyekuja kuzungumza naye ni Sir Bartle Frere, yule yule wa mkataba wa 1873. Kwa maelezo ya Salme mwenyewe katika kumbukumbu zake zilizotoka Ujerumani mwaka 1886, Frere alimpa mambo mawili achague moja: apatane na ndugu zake, au watoto wake wahakikishiwe maisha yao ya baadaye. Serikali haikutaka mgeni wake asumbuliwe na mambo ya nyumbani wakati ziara inaendelea. Mama mjane mwenye watoto watatu alichagua watoto. Akatoa neno lake kwamba hatamkaribia kaka yake, na akakaa mbali wakati Barghash akitembezwa mjini. Wageni walipoondoka, ahadi ya kuwasaidia watoto haikutimizwa.

Hapa tulibishana sana kwenye kikao chetu. Baadhi yetu walisema Barghash asingempokea hata hivyo, kwani mwaka 1885 Salme alipofika Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, alikataa katakata kumwona. Ni kweli. Lakini 1885 si 1875. Safari ile ya pili alikuja nyuma ya mizinga ya Bismarck, wakati Wajerumani wakimnyang'anya Sultani nchi yake ya bara, na hakuna kaka ambaye angefungua mlango katika hali hiyo. Mwaka 1875 angekuja peke yake, mjane, katika mji ambao wote wawili walikuwa wageni. Nafasi hiyo ndiyo iliyofungwa, na aliyeifunga ni mwenyeji. Barghash alifariki mwaka 1888 bila wao kuonana tena.

Na ukarimu wa mwenyeji ulidumu hadi lini? Mwishoni mwa 1875 Misri ilipoteka Barawa na Kismayu, Waingereza waliibana hadi ikaondoka, kwa faida ya Barghash. Mwaka 1886 mambo yalikuwa mengine. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana zenyewe kwamba milki ya Sultani upande wa bara ni ukanda wa maili kumi tu kutoka baharini. Walioonyeshana Windsor walikuwa wawili, waliochora ramani walikuwa wengine.

Sasa tumtaje yule kijana wa shule. Hugh Peter Kayamba alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Usambara, mwanafunzi wa Kiungani, chuo cha wamisionari wa UMCA Unguja. Miaka ya 1880 wamisionari hao walimpeleka kusoma Bloxham, shule ya bweni iliyoko Oxfordshire, kisha akarudi Afrika kufundisha. Mpango huo ulikuwa wa upande mmoja: hapakuwa na mvulana wa Bloxham aliyepelekwa Kiungani kujifunza Kiswahili. Ndiyo maana kwenye mpango wetu tumesisitiza sana neno kutembeleana.

Mwanawe, Martin Kayamba, alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Alifanya ukarani sehemu nyingi za Afrika Mashariki, akafungwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwa alihesabiwa mtu wa Waingereza, na baada ya vita akawa karani mkuu Tanga, ambako mwaka 1922 alikuwa mwanzilishi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika. Mwaka 1931 alikuja London. Baba alikuja kusomeshwa. Mwana alikuja kutoa ushahidi.

Suala lilikuwa hili. Walowezi wa Kenya na wakubwa kadhaa wa Uingereza walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Kamati ya pamoja ya mabunge yote mawili ikaundwa kusikiliza, na kwa mara ya kwanza Waafrika wa Afrika Mashariki waliitwa Westminster kusema wenyewe. Kutoka Tanganyika walikuja watatu: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Kayamba. Kutoka Buganda alikuja Serwano Kulubya, na kutoka Kenya miongoni mwao alikuwa Chifu Koinange wa Mbiyu. Wote walichaguliwa na serikali za huko kwao, na haipendezi kulisahau hilo. Hata hivyo walisema walichoona. Watanganyika hawakutaka kufungwa nira moja na Kenya, kwa sababu walijua habari za ardhi na kipande upande wa pili wa mpaka. Hebu fikirini: mgeni amepewa chumba, amekaribishwa chai, ametembezwa mjini, kisha anaketi mbele ya mabwana wa Bunge na kuwaambia kwamba jambo wanalolipenda baadhi yao halimfai.

Siku hizo hizo Jomo Kenyatta na Parmenas Mockerie walikuwa London, wametumwa na Kikuyu Central Association. Kamati haikukubali kuwasikiliza. Mji ule ule, mwaka ule ule, wageni wa aina mbili: walioitwa, na waliojileta. Waliojileta hawakuwekewa kiti. Kenyatta alibaki Uingereza miaka mingi, na tunapotoka darasani kwetu Bloomsbury tunapita mitaa aliyoipita alipokuwa akifanya kazi na wataalamu wa fonetiki wa University College.

Kamati ilitoa ripoti yake Oktoba 1931 ikisema wakati wa muungano haujafika. Hatutasema ni ushahidi wa Waafrika peke yake uliofanya hivyo, kwani Gavana Donald Cameron wa Tanganyika naye alipinga, na fedha zilikuwa hazipo kwa sababu ya mdororo wa uchumi duniani. Lakini maneno yao yamo katika kumbukumbu za Bunge, na yeyote kati yetu anaweza kwenda kuyasoma.

Kayamba alirudi, na mwaka 1932 akapandishwa cheo hadi Sekretarieti ya Dar es Salaam, juu kuliko Mwafrika yeyote wa wakati wake katika serikali ile. Mwaka huo huo Sheldon Press ya London ilichapisha kitabu chake cha safari, kwa Kiswahili: Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Si cha kwanza cha namna yake. Salim bin Abakari alikwisha kuandika kwa Kiswahili habari za safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Lakini tunalipenda jina la kitabu cha Kayamba. Katibu wa Barghash aliandika kwa Kiarabu. Salme aliandika kwa Kijerumani. Huyu aliwaandikia wasomaji wa Tanga na Mombasa kwa lugha yao, na hakuishia kwenye tulivyoona.

Tungependa kukisoma pamoja na wageni wetu watakapofika, kurasa chache kila jioni. Mwanachama au mwalimu yeyote mwenye nakala yake tunamwomba atuazime. Tutaitunza na kuirudisha.