Kupiga picha

Kupiga picha ni kunasa sura ya mtu au kitu kwa kamera au simu. Neno picha limekopwa kutoka Kiingereza; zamani sanamu na taswira zilibeba maana hiyo pia, na taswira sasa imebaki zaidi katika fasihi. Kwa Waswahili wa Kongo, ambako Kifaransa hutumika, husikika foto. Kitenzi ni piga kilekile cha kupiga simu, kupiga pasi na kupiga chapa.

La kuangalia zaidi ni nani anayepiga. Aliyeshika kamera anapiga picha, na aliyesimama mbele yake naye anapiga. Anayesema "Nilipiga picha na Rais" hakushika kamera. Yumo ndani ya picha. Hata familia zilizovaa nguo za Idi zikaingia Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mjini Zanzibar mwaka 1930, zilikwenda "kupiga picha", ingawa mitambo ilikuwa mikononi mwa mwenye studio. Si kosa la kusahihishwa. Kukaa sawa, kutengeneza ushungi na kutulia mpaka taa iwake ni sehemu ya tendo lenyewe.

"Amepigwa picha" humwondolea mtu hiari ya tendo hilo: ni mgonjwa aliyepelekwa eksirei, mshukiwa kituoni, au mpita njia aliyenaswa bila habari. "Nipige picha" humaanisha mimi ndiye nitakayeonekana. "Nipigie picha" ni kuomba kufanyiwa kazi, pengine picha ya kiwanja au ya cheti. Mazungumzoni wengi huzichanganya, lakini tofauti hiyo ina faida na inafaa kulindwa. Marafiki hupigana picha kwa zamu. Aliye peke yake hujipiga picha, yaani selfi.

Nomino mpiga picha, ambayo wengine huiandika mpigapicha, haina utata: ni mwenye kamera tu, kama Mohamed Amin (1943–1996), mzaliwa wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliamsha misaada duniani.

Enzi za filamu, picha ikishapigwa ilipelekwa studio "kusafishwa": filamu ilipitishwa kwenye dawa gizani, kisha picha ikatolewa kwenye karatasi. Tanzania kitenzi hicho kingali hai. Mtu huingia studio na simu yake akaomba asafishiwe picha mbili za harusi, na hakuna filamu yoyote inayoguswa.