Corvair: Gari Lililoshitakiwa na Kitabu

Miongoni mwa magari yaliyoundwa Marekani katika karne ya 20, ni machache yaliyojadiliwa kwa ukali kama Chevrolet Corvair. Halikuwa gari la kitajiri, wala halikuwa na umbo la kustaajabisha. Sifa yake kubwa ni kwamba lilishitakiwa na kitabu, na mashitaka hayo yakazaa sheria ya nchi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi gari hilo lilivyozaliwa, maradhi ya mitambo yake, na hukumu iliyolipata. Huenda mwalimu wa lugha akauliza: sisi na mitambo, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba shauri la Corvair, tangu mwanzo hata mwisho, lilikuwa shauri la maneno: nani alisema nini, kwa ushahidi gani, na ni neno lipi lililozidi kipimo.

Yafaa basi tupatane kwanza juu ya maneno. Watu wengi hutosheka kusema kuwa gari ni bovu, lakini Kiswahili kina madaraja ya ubovu. Kitu kilicholika kwa kutumika kina uchakavu. Kitu kilichokuwa kikienda vizuri kisha kikakorofika kina hitilafu. Na kitu kilichopungukiwa na jambo tangu kuundwa kwake kina kasoro. Neno hili la mwisho twalitumia hata katika kutaja saa, tusemapo saa tatu kasoro robo, yaani robo haijatimia. Msomaji akiyashika maneno haya matatu, hatapotea katika kisa kinachofuata.

Katika miaka ya 1950 magari ya Marekani yalizidi kuwa marefu, mazito na yenye kunywa petroli nyingi. Ilhali viwanda vya huko vikishindana kwa ukubwa, wanunuzi wengi walianza kuvutiwa na magari madogo kutoka Ulaya, hasa Volkswagen ya Ujerumani, ambayo injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa. Shirika la General Motors liliona kwamba yapasa kujibu. Kazi hiyo iliongozwa na Ed Cole, mhandisi aliyekuwa mkuu wa tawi la Chevrolet. Gari lilitolewa kwa umma mwezi Oktoba 1959, likiwa saluni ya milango minne, nalo likaitwa gari la mwaka 1960. Washindani wake, Ford Falcon na Plymouth Valiant, walifuata desturi ya zamani: injini mbele, maji ya kupozea, na magurudumu ya nyuma kusukuma. Corvair peke yake liliiacha njia iliyozoeleka.

Injini yake ilikuwa na silinda sita zilizolala, tatu upande huu na tatu upande ule. Sehemu kubwa yake ilikuwa ya alumini, ujazo wake ukiwa lita 2.3, na nguvu zake za mwanzo zilikuwa nguvu za farasi 80. Ilikaa nyuma kabisa, na buti ya mizigo ilikuwa mbele. Gari halikuwa na rejeta, kwa hiyo halikuwa na maji ya kuchemka wala ya kuganda wakati wa baridi kali. Sakafu yake ilikuwa karibu kulingana, kwa kuwa hapakuwa na mtaimbo mrefu wa kupeleka nguvu kutoka mbele hadi nyuma. Abiria watatu waliweza kukaa nyuma bila kugombea mahali pa kuweka miguu. Yote haya yalikuwa mema, na wengi walilisifu.

Lakini kila chaguo lina gharama yake. Kwa kuwa injini ilikuwa nyuma, zaidi ya asilimia 60 ya uzito wa gari iliegemea magurudumu ya nyuma. Nayo magurudumu hayo yalifungwa kwa ekseli za kubembea. Kila ekseli ilikuwa na kiungo kimoja tu, karibu na kisanduku cha gia, na gurudumu lilikazwa upande wa pili. Tufananishe na bawa la ndege: bawa likipanda au kushuka, ncha yake hubadili mwelekeo. Ndivyo gurudumu lilivyofanya. Gari lilipokata kona kwa mwendo mkali, sehemu ya nyuma iliweza kuinuka, na gurudumu la nje likajikunja kuelekea chini ya gari. Hapo tairi hukanyaga barabara kwa ukingo wake badala ya kukanyaga kwa uso wake mzima. Mshiko hupungua ghafula, nyuma ya gari huteleza kwenda nje, na dereva asiyezoea hujikuta anatazama alikotoka.

Waundaji hawakuwa wajinga wa jambo hilo. Dawa waliyoichagua ilikuwa upepo wa matairi. Walielekeza kwamba matairi ya mbele yajazwe ratili 15 tu kwa inchi ya mraba, na ya nyuma ratili 26, yote yakiwa baridi. Kwa tofauti hiyo, matairi ya mbele yalilegea kidogo katika kona, na nyuma haikutangulia kuteleza. Dawa hiyo ilikuwa sahihi katika hesabu, ila ilitegemea kumbukumbu za watu wengi. Mwenye gari asiyesoma kitabu cha maelekezo, au mtu wa kituo cha petroli aliyejaza matairi yote manne sawasawa kama alivyozoea kwa magari mengine, aliiondoa kinga hiyo bila kujua. Hapa ndipo tunapoliona neno kasoro katika maana yake kamili. Hakuna kilichovunjika wala kulika, bali usalama wa gari uliachwa mikononi mwa mtu ambaye huenda hakuambiwa kitu.

Kulikuwa na dawa nyingine, nayo ni chuma cha kuzuia mlalo kinachofungwa mbele ili gari lisiinamie upande. Chuma hicho hakikutiwa katika magari ya kawaida ya miaka ya mwanzo. Mwaka 1962 mnunuzi aliweza kukipata akilipa zaidi. Mwaka 1964 kilitiwa katika kila gari, pamoja na springi ya kukingama nyuma. Mwaka 1965 ekseli za kubembea ziliachwa kabisa, na nyuma ya gari ikaundwa upya kwa viungo viwili kila upande. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ulizibwa, lakini baada ya miaka minne ya kuuza magari mengi.

Mbali na kasoro hiyo, Corvair lilikuwa na maradhi yake ya kila siku, ambayo mafundi waliyajua vema. La kwanza lilikuwa ukanda wa feni. Feni ya kupozea ililala juu ya injini kama sinia, ilhali puli ya kuizungusha ilisimama wima nyuma yake. Ukanda mmoja ulilazimika kupinda kona ya mraba ukipita juu ya puli mbili za kuongoza. Ukilegea, au ukikazwa mno, au dereva akiongeza mwendo wa injini kwa ghafula, uliweza kuruka na kutoka. Ukitoka, injini hukosa hewa ya kupoza na betri hukosa chaji kwa wakati mmoja. Dereva aliyepuuza taa ya hatari aliiua injini yake.

La pili lilikuwa kuvuja oili. Vijiti vya kusukuma vali vilipita ndani ya mirija 12, na kila mrija ulizibwa kwa pete mbili za mpira, jumla pete 24. Joto la injini iliyopozwa kwa hewa liliufanya mpira huo ukauke na kuwa mgumu kama pembe, oili ikatiririka juu ya vyuma vya moto. Moshi na harufu yake viliweza kuingia ndani ya gari, kwa sababu tangu mwaka 1961 hewa ya kuwapasha abiria joto ilitoka penye silinda za injini. Katika nchi ya baridi watu hufunga madirisha, na hewa chafu ya injini huleta hatari kubwa kuliko karaha ya harufu. La tatu lilikuwa kabureta. Kila upande wa injini ulikuwa na yake, nazo zisipolinganishwa barabara injini hutetema na kula petroli. Haya yote ni hitilafu na uchakavu. Pete za mpira wa namna bora zaidi zilizopatikana baadaye ziliponya mengi, na fundi mwangalifu aliweza kulidumisha gari kwa miaka mingi.

Sasa tufike kwenye kitabu. Mwezi Novemba 1965 Ralph Nader, mwanasheria kijana aliyezaliwa Connecticut na wazazi waliohamia kutoka Lebanoni, alitoa kitabu juu ya hatari za magari ya Marekani. Sura ya kwanza ilihusu Corvair la miaka 1960 hadi 1963. Wakati huo mashauri zaidi ya 100 juu ya gari hilo yalikuwa mahakamani. Hata hivyo kitabu hakikuwa cha Corvair peke yake. Sura zake nyingine zilieleza nguzo za usukani zilizochoma vifua vya madereva, dashibodi ngumu na moshi wa mijini, na zilivigusa viwanda vyote vikubwa.

Pengine kitabu hicho kingesomwa na wachache kisha kikasahauliwa. Kilichokipa nguvu ni kitendo cha mshitakiwa mwenyewe. General Motors iliajiri wapelelezi kuchunguza maisha ya faragha ya mwandishi, wakitafuta la kumwaibisha. Siri ilifichuka, na mwezi Machi 1966 James Roche, mkuu wa shirika hilo, aliomba radhi hadharani mbele ya kamati ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Abraham Ribicoff. Badala ya kuijibu hoja, walimwandama mwenye hoja, na watu wakaona kuwa hoja hiyo haina jibu. Nader alifungua madai, na mwaka 1970 alilipwa dola 425,000, akazitumia katika kazi ya kuwatetea wanunuzi. Mwezi Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia saini sheria ya usalama wa magari, na serikali ya Marekani ikapata mamlaka ya kuviwekea viwanda kanuni za usalama.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Idara ya usalama barabarani ililijaribu Corvair la mwaka 1963 pamoja na magari ya rika lake, yakiwamo Falcon, Valiant na Volkswagen. Taarifa yake ya mwaka 1972 ilisema kwamba Corvair halikuwa na mwelekeo wa kupinduka au kumshinda dereva kuliko magari hayo mengine. Wenye kulipenda gari hilo walifurahi. Nader hakuikubali taarifa hiyo.

Wakati huo gari lenyewe lilikuwa limekwisha kufa. Katika mwaka wa 1965 liliuzwa zaidi ya 200,000. Mwaka wa 1967 yalikuwa kama 27,000 tu, na saluni ya milango minne ikaachwa. La mwisho lilitoka kiwandani Mei 1969. Jumla yalitengenezwa takriban 1,800,000. Wengi husema kitabu ndicho kilichoua Corvair, lakini tusisahau kwamba Ford Mustang, iliyotoka Aprili 1964, ilikuwa imekwisha kuwachukua vijana wengi, na kwamba General Motors yenyewe iliamua kutoliendeleza gari hilo miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka.

Je, nani alishinda? Twaona kwamba taarifa ya mwaka 1972 na sheria ya mwaka 1966 hazipingani. Corvair huenda halikuwa baya kuliko wenzake, lakini hilo halithibitishi kuwa lilikuwa jema, kwani wenzake nao walikuwa na nguzo za usukani zilizoua. Kulinganishwa na wabaya si kutakaswa. Na wanunuzi walistahili kuambiwa wazi, kabla ya kushika usukani, kwamba maisha yao yalitegemea ratili chache za upepo.

Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kujadili kwa haki, na awape kisa hiki. Awaulize watenganishe kasoro na hitilafu, shutuma na ushahidi, kosa la chuma na kosa la mtu anayenyamaza huku akijua. Ekseli ya kubembea ilirekebishwa kwa miaka michache. Lugha ya kuficha hatari, popote inapotumika, huchukua muda mrefu zaidi kurekebishwa, nasi walimu wa lugha ndio tulio karibu zaidi na kazi hiyo.