Nani Anayekuita Kushika Silaha?



Katika sura ya tatu ya Injili ya Luka, askari walimwendea Yohane Mbatizaji wakamwuliza wafanye nini. Hakuwaamuru waache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu, tena akawaagiza watosheke na mshahara wao. Tusome historia ya nchi yetu kwa mwanga wa jibu hilo, maana si kila ashikaye bunduki ni askari wa namna moja.

Mfalme Leopold wa Pili alipoanzisha dola lake mwaka 1885, askari wa kwanza wa Force Publique walitoka mbali: Wahausa wa Afrika ya Magharibi na watu wa Zanzibar, waliokuja kwa mkataba. Walikuwa wa gharama kubwa. Ndipo amri ya mwaka 1891 ikawadai wenyeji watoe vijana kila mwaka. Mara nyingi chifu alimtoa mtumwa au yule asiye na ndugu wa kumtetea. Kijana huyo alipelekwa mbali na kwao, akatumwa kuwatisha watu asiowajua. Mwaka 1895 askari wa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo, waliwaasi maofisa wao. Jeshi hilo liliteka Tabora mwaka 1916, lakini ushujaa haukuwaletea heshima: miaka 44 baadaye, siku ya uhuru, askari Mkongomani alikuwa hajafika cheo cha ofisa. Siku tano tu baada ya uhuru, jeshi likaasi. Anayelazimishwa hutii maadamu fimbo imeinuliwa juu yake.

Mamluki ni wa namna nyingine. Huyu halazimishwi, hukodiwa. Tuliwaona Katanga kati ya 1960 na 1963, kisha mwaka 1964 serikali yenyewe ikawakodi wengine, chini ya Mike Hoare, kupigana na Simba. Mwaka 1967 Jean Schramme, mmoja wa mamluki waliokuwa wakilitumikia taifa, aliligeuzia silaha. Aliushika mji wa Bukavu tangu Agosti hadi Novemba, akakimbilia Rwanda, na wenyeji wakabaki na maiti na magofu. Aliyekuja kwa ajili ya fedha hafungwi na machozi ya mahali.

Mwanamgambo, kinyume chake, ni mtoto wa nyumbani. Tusimhukumu upesi, kwani mara nyingi huanza na uchungu wa kweli: shamba limechomwa, dada ametendewa jeuri, na jeshi la taifa halikufika. Lakini ni nani atakayemhukumu akikosea? Bunduki isiyo na sheria hulinda kijiji usiku, na asubuhi huweka kizuizi njiani na kumtoza mama aendaye sokoni. Simba wa mwaka 1964 walikuwa na vijana wengi walioamini wanatafuta haki. Hata hivyo, tarehe 1 Desemba mwaka huo, huko Isiro, ofisa wao alimwua Sista Anuarite Nengapeta, ambaye alimsamehe kabla ya kufa. Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mwaka 1985.

Basi askari wa kujitolea ni nani? Ni mtu mzima anayejiandikisha kwa hiari, akaapa mbele ya taifa, akalipwa mshahara unaojulikana, akiwa chini ya sheria inayoweza kumshtaki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes, unamhesabu askari wa namna hiyo kuwa mtumishi wa usalama, tena unaomba sheria ziwatendee kiutu wanaokataa silaha kwa ajili ya dhamiri.

Lakini tujihadhari na neno hiari. Njaa nayo huandikisha askari, na kisasi vilevile. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga, kiongozi wa kundi la silaha huko Ituri, kwa kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Hakimu hawakukubali kwamba hiari ya mtoto ingeweza kumtetea mkubwa aliyempokea. Sheria yetu ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inakataza kumwandikisha yeyote asiyefikisha miaka 18.

Wapendwa, wengi wetu tumeona mwenzetu wa kwaya akiondoka bila kuaga. Siku mtu atakapowaita ninyi, mwulizeni kwanza: nani atakulipa, sheria gani itakuongoza, nani atakuhukumu ukimdhulumu raia, na siku gani utaruhusiwa kurudi nyumbani? Asiyeweza kujibu hayo anatafuta mikono yenu tu, na roho zenu hazijali.

Kwa mazungumzo ya kikundi:
1. Ni jambo gani huwasukuma vijana wa mtaa wetu kushika silaha?
2. Parokia yetu imejiandaaje kumpokea yule anayetaka kuziweka chini?

Mwenye Heri Anuarite, utuombee.