Wanafunzi mashoga na wasagaji katika shule za Kikatoliki za Burundi

Ni vijana wanaovutiwa na watu wa jinsia yao na wanaosoma katika shule zilizo chini ya Kanisa, wakiwemo watoto wa mitaa ya Bujumbura kama Jabe. Shule nyingi za aina hiyo zina mkataba na serikali, ambayo hulipa walimu, huku Kanisa likisimamia malezi.

Mwaka 2009 sheria iliwageukia. Februari, Seneti ilikataa kifungu cha kuharamisha mapenzi ya jinsia moja. Tarehe 6 Machi chama tawala, CNDD-FDD, kiliitisha maandamano makubwa jijini Bujumbura kukitetea kifungu hicho, na Aprili, kifungu kikiwa kimerudishwa, Rais Pierre Nkurunziza akaitia sheria saini. Adhabu ikawa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2, pamoja na faini.

Pigo lililowalenga wanafunzi wenyewe lilikuja Juni 2011, pale amri ya wizara ya elimu ilipotaja ushoga miongoni mwa sababu za kufukuzwa shule. Tangu hapo barua ya mapenzi, au uvumi tu wa bwenini, unaweza kumkatizia mtoto masomo. Ni adhabu kali mno kwa umri huo.

Katekisimu ya Kanisa ya 1992 inakataza tendo la ngono la jinsia moja, lakini inaagiza watu hawa wapokewe kwa heshima na huruma, bila kubaguliwa isivyo haki. Agizo hilo linastahili kusikika darasani kama katazo linavyosikika, hasa baada ya Desemba 2023, pale Rais Évariste Ndayishimiye, naye Mkatoliki, aliposema hadharani kwamba mashoga wapigwe mawe uwanjani.